Sikukuu za Majira ya Baridi Zikikulemea: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Mzigo

Desemba katika nchi zenye majira ya baridi humwangukia mtu kwa mambo mengi kwa mpigo. Jua linazama kabla hujatoka kazini. Ofisini kila mkubwa anataka hesabu zifungwe kabla ya mwaka kuisha. Shule zinafunga, watoto wako nyumbani, na juu ya yote hayo sikukuu inakuja na wageni wake, zawadi zake, safari zake na matarajio ya kila mtu kwamba wewe ndiye utakayeifanya ipendeze. Ukijikuta umelala macho saa sita usiku, mwili umechoka lakini kichwa kinahesabu ambayo hayajafanyika, ujue umebebeshwa kuliko uwezo wa mtu mmoja.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama za msongo linaouleta. Kifo cha mwenzi wa ndoa kilipewa 100, talaka 73. Krismasi ilipewa 12 tu, karibu na mkia wa orodha. Lakini tazama yale yanayoandamana nayo: kubadilika kwa usingizi 16, kubadilika kwa mlo 15, kubadilika kwa mikusanyiko ya familia 15, likizo 13. Jumlisha, unapata 71. Kipimo hicho ni cha kukadiria, hakimpimi mtu kama mizani, ila kinaonyesha jambo ambalo aliyelemewa analijua tayari: hakuna tukio moja kubwa la kulinyooshea kidole. Ni vitu vidogo vingi vilivyokuja pamoja.

Ndiyo maana ushauri wa "jipange vizuri" haumsaidii mtu aliyefika hapo. Mzigo wa kilo themanini ukiupanga upya bado ni kilo themanini. Mwongozo huu unaanza na kupunguza, na kupanga kunakuja baadaye, kwa kile kilichobaki. Ukiwa na wiki tatu mbele yako, fuata hatua zote kwa zamu. Ukiwa umebakiwa na siku mbili, fanya ya kwanza hadi ya nne, nyingine ziache.

Hatua ya 1: Tuliza mwili kabla ya kuamua lolote

Uamuzi unaofanywa moyo ukienda mbio mara nyingi huwa mmoja kati ya miwili: kukubali kila kitu ili yaishe, au kumfokea aliye karibu. Toka kwanza kwenye chumba chenye kelele. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, endelea hivyo kwa dakika chache. Neva ya vagasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kupunguza kasi ya moyo, huwa na nguvu zaidi wakati wa kutoa pumzi kuliko wakati wa kuivuta, kwa hiyo ukirefusha kutoa unaupa moyo nafasi ya kushuka.

Kisha jiulize maswali ya kawaida kabisa. Umekula leo? Umekunywa maji, au ni kahawa tu tangu asubuhi? Watu wanaolisha nyumba nzima siku hizi ndio wanaosahau kula wenyewe, halafu saa kumi jioni wanadhani wamekata tamaa ya maisha kumbe wana njaa.

Hatua ya 2: Toa yote kichwani, yaweke kwenye karatasi

Chukua karatasi moja kubwa na uandike kila kinachokukera, kikubwa kwa kidogo, bila mpangilio. Usianze kupanga. Usianze kuhukumu. Andika tu mpaka kalamu isimame yenyewe.

Watu wengi huandika kazi zinazoonekana na kusahau zisizoonekana, na hizi za pili ndizo nzito. "Zawadi za watoto" inaonekana ni mstari mmoja. Ukiukunjua utakuta: kukumbuka nani ana umri gani sasa, kuuliza saizi za nguo bila kuharibu siri, kulinganisha ili mmoja asione mwenzake kapendelewa, kununua, kuficha, kufunga, kuandika majina, kupeleka posta kabla foleni haijawa ndefu, kufuatilia kama zimefika, kukumbusha watoto washukuru. Ni kazi kumi zilizojificha nyuma ya maneno matatu. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Micaela di Leonardo aliandika kuhusu shughuli za aina hii (kadi, simu, ziara, maandalizi ya sikukuu) na akaonyesha kwamba ni kazi halisi inayoshikilia undugu kati ya nyumba na nyumba, na kwamba wanaoifanya kwa sehemu kubwa ni wanawake, bila malipo na bila kuhesabiwa. Kama wewe ndiye unayeifanya nyumbani kwenu, iandike yote. Mwenzako hawezi kukupokea mzigo ambao hajawahi kuuona.

Kuandika kuna faida nyingine. Katika utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, na kuchapishwa 2018, vijana 57 walilala maabara usiku mmoja baada ya kuandika kwa dakika 5. Walioandika yanayowasubiri siku zijazo walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyolala haraka. Kwa hiyo kiweke kidaftari karibu na kitanda, na kila usiku kabla ya kuzima taa andika ya kesho, si "maandalizi" bali "kumpigia shangazi saa tatu kuuliza watafika wangapi."

Hatua ya 3: Kata

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu wengi wanapata woga. Pitia karatasi mstari kwa mstari na kila mstari uulize: hili lisipofanyika, nani ataumia, na ataumia kwa muda gani? Majibu yatakushangaza. Mara nyingi hakuna atakayeumia. Mtu mmoja huenda akauliza, ukamjibu, basi.

Swali la pili: hili tunalifanya kwa sababu tunalipenda, au kwa sababu mwaka jana lilikuwepo? Sikukuu zina tabia ya kuongeza bila kupunguza. Kitu kikifanywa mara mbili kinakuwa desturi ya nyumba, na desturi haina mtu anayejisikia ana ruhusa ya kuiondoa. Ruhusa hiyo unayo.

Swali la tatu waulize watu wa nyumbani, watoto wakiwemo: kama tungebakiza mambo mawili tu ya sikukuu hii, mngetaka yapi? Waulize kweli, usiwabashirie. Watoto mara nyingi hutaja vitu rahisi: kulala wote sebuleni, kucheza karata na babu, kutoka usiku kuangalia taa. Yale yaliyokuwa yakikukosesha usingizi huenda hayakutajwa na hata mmoja. Hayo futa.

Baada ya kufuta ndipo ugawe, na mgawie mtu jambo zima. Ukimwambia mumeo "nisaidie chakula cha wageni," halafu wewe ndiye unayepanga, unayeandika orodha ya kununua na unayemkumbusha mara tatu, umempa miguu ya kazi na ukabaki na kichwa chake. Mwambie: "Chakula cha mkesha ni chako, kuanzia kuamua tutakula nini mpaka vyombo." Kisha umwache. Atakipika kwa namna yake, na huenda kisiwe kama chako. Ukienda kukirekebisha, mwakani atakurudishia.

Unaposhindwa kukata kwa sababu kila kitu kinaonekana cha lazima, mwulize ndugu au rafiki aisome karatasi yako kwa sauti. Kusikia orodha yako kwenye mdomo wa mwingine kunaonyesha wingi wake kuliko kuitazama mwenyewe.

Hatua ya 4: Toa majibu mapema, kwa maneno machache

Mwaliko ambao hujaujibu unachosha kuliko mwaliko uliokwenda. Unakaa nao, unaugeuza, unatafuta sababu. Jibu katika siku moja au mbili. Kukataa mapema ni heshima, kwa sababu mwenyeji anapata nafasi ya kupanga. Kukataa asubuhi ya siku yenyewe ndiko kunakoudhi.

Kosa kubwa hapa ni maelezo marefu. Ukitoa sababu tano, mwenzio anazitatua zote tano, halafu huna pa kusimamia. Shukuru, sema unachoweza, nyamaza. Kwa mama mkwe: "Mama, mwaka huu tutakuja siku ya pili, siyo mkesha. Tutafika asubuhi na tutakaa mpaka jioni." Kwa dada: "Dada, kulaza wageni mwaka huu sitaweza. Kuja kula wanakaribishwa sana." Kwa mkuu wa kazi anayeleta jambo jipya siku za mwisho: "Nimelipokea. Kabla ya likizo naweza kumaliza hili au lile la awali. Lipi lianze?"

Akisisitiza, rudia sentensi ileile kwa upole uleule. Usiongeze sababu mpya. Mara ya tatu wengi huelewa. Na kama ni mzee ambaye kukataliwa kwa simu kungemvunjia heshima, mtume anayesikilizwa naye, au nenda mwenyewe umweleze ana kwa ana mapema. Heshima iko kwenye namna ya kusema. Si lazima iwe kwenye kukubali.

Hatua ya 5: Fedha

Hapa nitakuwa mfupi. Amua jumla moja ya matumizi yote ya sikukuu kabla hujanunua kitu cha kwanza, na iwe fedha uliyo nayo mkononi. Ukianza na orodha ya watu badala ya jumla, orodha itashinda. Pendekeza kwa ukoo kwamba watu wazima wachukue majina kwa bahati na sibu na kila mmoja amnunulie mwenzake mmoja tu, au zawadi ziwe za watoto peke yao. Mara nyingi kuna wengine watatu waliokuwa wakisubiri mtu aseme. Deni la Desemba hulipwa Januari, mwezi ambao tayari ni mrefu.

Hatua ya 6: Mwanga, usingizi na pombe

Kaskazini mwa dunia siku fupi kuliko zote huangukia 21 au 22 Desemba. London siku hiyo ina mchana wa saa 8 hivi. Oslo haifiki 6. Tromsø, mbali zaidi kaskazini, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Macho yasipopata mwanga wa kutosha asubuhi, saa ya ndani ya mwili huchelewa, na mtu anashinda na usingizi mchana kisha anakesha usiku. Kwa wengine jambo hili linafika kuwa ugonjwa: Norman Rosenthal na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani waliueleza mwaka 1984 kuwa aina ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayorudi kwa majira, ikianza siku zinapofupika na kuondoka siku zinaporefuka. Dalili zake ni pamoja na kulala sana, hamu kubwa ya vyakula vya wanga na kujitenga na watu. Ukiona huzuni hii inarudi kila mwaka wakati uleule, sikukuu huenda zinalaumiwa kwa kosa la giza.

Cha kufanya ni rahisi: toka nje asubuhi, kila siku, hata kukiwa na mawingu. Mwanga wa nje siku ya mawingu mara nyingi hupita laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), wakati taa za ndani nyingi hazifiki 500. Nusu saa ya kutembea asubuhi inakupa mwanga na mwendo kwa pamoja. Kama hali ni nzito, zipo taa maalumu za laksi 10,000 zinazotumiwa kwa takriban dakika 30 baada ya kuamka. Mwenye maradhi ya macho, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa hisia mseto, ile hali ya kupanda na kushuka kupita kiasi, asiitumie kabla ya kuongea na daktari.

Kwenye usingizi, linda saa ya kuamka kuliko saa ya kulala. Ukichelewa usiku mmoja, amka karibu na saa yako ya kawaida, lala mapema usiku unaofuata. Ukilala mpaka saa sita mchana kwa siku tatu mfululizo unakuwa kama msafiri aliyevuka bahari, na kurudi kazini Januari kunakuwa adhabu.

Pombe inaleta usingizi haraka na kuuharibu usiku wa manane, na kesho yake huongeza wasiwasi. Zaidi ya hapo, mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake walieleza kuhusu watu waliofika hospitali na mapigo ya moyo yaliyovurugika baada ya kunywa sana mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu. Kama unakunywa ili uweze kuwavumilia watu waliokaa mezani, tatizo liko mezani, na hatua inayofuata inalihusu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Usiingie kwenye mkusanyiko bila kujua utatoka saa ngapi. Mwambie mwenyeji mlangoni, kwa uchangamfu: "Tutakuwa nanyi mpaka saa kumi." Ukisema unapoingia, ni taarifa. Ukisema katikati ya maneno makali, ni ugomvi.

Kila familia ina mada zake. Unamjua atakayeuliza kwa nini hujaolewa, unamjua atakayeleta siasa, unamjua atakayefufua habari za urithi. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba watu hutimiza nia zao zaidi wanapoziandaa kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile," kuliko wanapojiambia tu "nitajitahidi." Basi andaa majibu yako ukiwa nyumbani, umetulia. Mjomba akianza habari ya ndoa, nitasema, "Mjomba, hilo likiwa tayari utakuwa wa kwanza kujua. Hebu nieleze habari za mguu wako." Sauti zikianza kupanda, nitainuka niende kuosha vyombo. Jikoni ni kimbilio halali. Hakuna anayemzuia mtu anayeosha vyombo.

Tafuta pia mwenza mmoja ndani ya nyumba hiyo, binamu au shemeji, mkubaliane ishara. Mmoja akiguswa bega, mwingine anamtoa nje kwa kisingizio cha kupunga hewa.

Watoto wanalemewa pia, ila wao hawasemi, wanalia au wanapigana. Mtoto aliyekosa usingizi wa mchana, aliyekula sukari tangu asubuhi na aliyebusiwa na watu wasiomjua hana utovu wa adabu. Mpeleke chumba chenye utulivu kwa dakika ishirini. Ukikaa naye huko, nawe umepumzika.

Hatua ya 8: Mkiwa na kiti kitupu

Sikukuu ya kwanza baada ya msiba ni ngumu kwa namna ambayo orodha haiwezi kuitatua. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: muda fulani anauelekea msiba wake, muda mwingine anaelekea maisha yanayoendelea, na kwenda na kurudi huko ndiyo njia yenyewe ya kupona. Kwa hiyo ukicheka mezani saa saba na kulia chooni saa nane, hakuna kati ya hayo mawili kilicho cha uongo.

Amueni mapema, kwa pamoja, marehemu atakumbukwaje. Familia nyingi hukaa kimya kila mmoja akimlinda mwenzake, na kimya hicho kinaumiza kuliko jina lake kutajwa. Mtajeni mwanzoni mwa mlo: dua fupi, au kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka. Likishasemwa, watu hupumua. Na kama mwaka huu hamwezi kusherehekea kabisa, msisherehekee. Kalenda itairudisha sikukuu.

Aliye peke yake, kwa sababu ya talaka, masomo au kazi ya mbali, asiiache siku bila umbo. Panga mambo matatu yenye saa: kutoka nje asubuhi, kumpigia mtu mmoja mchana, chakula unachokipenda jioni. Kama kuna mahali wanahitaji watu wa kujitolea siku hiyo, jiandikishe wiki kadhaa kabla, kwa kuwa nafasi za siku yenyewe hujaa. Na kaa mbali na mitandao ya kijamii kwa saa hizo. Familia zinazotabasamu kwenye picha nazo ziligombana dakika kumi kabla ya picha.

Hatua ya 9: Baada ya shamrashamra

Acha angalau siku moja tupu kati ya safari na kurudi kazini. Siku hiyo, kabla hujasahau, andika vitu ulivyovikata ambavyo hakuna aliyeviulizia, na uviache hivyo mwakani.

Inapokuwa si uchovu tena

Kuna hali ambazo hatua zote hizi hazitoshi, na kuzitambua mapema huokoa maisha. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili, muone daktari. Usingoje Januari.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au maumivu yanayoelekea mkononi au kwenye taya, usiyaite uchovu wa sikukuu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2018, uliopitia mishtuko ya moyo ya miaka mingi, uliona hatari ikipanda mkesha wa Krismasi kwa kama asilimia 37, hasa kuelekea saa nne usiku, na zaidi kwa wenye umri wa kuzidi miaka 75 na wenye kisukari au maradhi ya moyo. Watu huchelewa kwenda hospitali siku hizo kwa sababu hawataki kuharibu sherehe. Iharibu. Piga simu ya dharura.

Na kama mawazo ya kujiua yamekujia, mwambie mtu leo hii, kwa maneno hayohayo, bila kuyazungusha. Ukimhofia mwingine, muulize waziwazi; kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa mlango wa kuongea, na usimwache peke yake. Ukiwa Marekani au Kanada, piga 988. Ukiwa Uingereza au Ireland, 116 123 ni ya Samaritans. Kwingineko, piga namba ya dharura ya nchi uliyopo au nenda hospitali iliyo karibu. Simu hizo hupokelewa saa zote 24, Krismasi na mkesha wa mwaka mpya zikiwemo, na anayezipokea anafanya kazi usiku huo kwa ajili ya watu kama wewe.